Ukisafiri Nje ya Nchi: Kukwepa Matapeli na Kulinda Taarifa Zako

Mgeni hatapeliwi kwa sababu ni mjinga. Hutapeliwa kwa sababu hajui kilicho cha kawaida pale alipo: nauli halisi ni kiasi gani, askari wa pale huvaa nini, mashine ya ATM ya pale ina sura gani, na ni nani mwenye haki ya kumwomba pasipoti. Tapeli anaujua ugeni huo, kisha anaongeza haraka juu yake. Huwezi kuzijua hila zote za kila mji, lakini unaweza kupanga mapema ukubwa wa hasara, ili kitu kimoja kikipotea kisivute vingine. Pochi iliyochomolewa inakuharibia siku. Simu iliyoporwa ikiwa wazi, ikiwa na benki, barua pepe na picha ya pasipoti ndani yake, inaweza kumaliza akiba kabla hujafika kituo cha polisi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika nyumbani, kabla ya begi kufungwa.

Simu ianze

Weka namba ya kufungulia simu yenye tarakimu sita au zaidi, na isiwe sawa na namba ya siri ya kadi yako wala ya programu ya benki. Wezi wengi wa simu humtazama mtu akiibonyeza, baa au ndani ya treni, kisha ndipo hunyakua. Ukiwa hadharani tumia alama ya kidole au uso. Kwenye iPhone yenye iOS 17.3 au toleo la baadaye kuna kinga ya simu iliyoibwa, ndani ya mipangilio ya Face ID. Ikiwa imewashwa, mwizi akiwa mbali na maeneo uliyozoea hawezi kubadilisha nywila ya akaunti yako kwa namba ya kufungulia peke yake: simu itadai uso, itasubiri saa moja, kisha itadai uso tena. Simu za Android kuanzia toleo la 10 zina kinga inayohisi mnyakuo na kufunga skrini yenyewe. Vyote hivi huwashwa kwa dakika mbili, na watu wengi hawajaviwasha.

Zuia pia vitufe vya haraka visifunguke wakati skrini imefungwa, kwa sababu hatua ya kwanza ya mwizi ni kuzima intaneti ili usiione simu iko wapi. Kisha weka PIN kwenye laini yenyewe. Bila PIN hiyo, mwizi huichomoa laini, huiweka kwenye simu yake, na namba za uthibitisho za benki humfikia yeye moja kwa moja. Ikiwa na PIN, akikosea mara tatu laini inajifunga hadi ipate PUK, namba ya kuifungulia inayotolewa na kampuni ya simu. Kabla ya kuiweka, hakikisha unaijua PIN ya sasa ya laini, ambayo mara nyingi huandikwa kwenye kadi iliyokuja na laini hiyo.

Kwenye WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili, ule wenye PIN ya tarakimu sita, na uambatishe barua pepe. Akaunti nyingi huibwa kwa ujumbe kutoka kwa rafiki ambaye naye ameshaibiwa: “Nimekutumia namba kwa bahati mbaya, nirudishie.” Namba hiyo ndiyo ufunguo wa akaunti yako. Ikiwa umeweka PIN, namba ile peke yake haimfikishi popote.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni hili: ukiibiwa simu, utaingiaje kwenye barua pepe yako kutoka kwenye simu ya mtu mwingine? Mfumo utakutumia namba ya uthibitisho kwenye simu ileile iliyoibwa. Kwa akaunti ya Google, fungua sehemu ya usalama na utoe namba za akiba. Unapewa kumi, kila moja ya tarakimu nane, na kila moja hutumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi bila jina la akaunti, na karatasi ikae mbali na simu. Karatasi hiyohiyo iwe na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ambayo huonekana ukibonyeza *#06#, pamoja na namba ya dharura ya benki yako iliyoandikwa kamili kwa alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi. Namba za bure zilizochapwa nyuma ya kadi mara nyingi hazipatikani ukiwa nje ya nchi, na mtu hugundua hivyo wakati mbaya kabisa.

Usiiache laini ya nyumbani ife. Benki hutuma namba za uthibitisho huko. Kama simu yako inakubali eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka, tumia eSIM kwa intaneti ya ugenini, laini yako ibaki mahali pake kwa ujumbe tu, na data yake ya ugenini izimwe. Ukinunua laini ya huko, nunua kwenye duka la kampuni yenyewe. Wasajili wa barabarani wanaweza kukuomba alama ya kidole mara ya pili na ya tatu kwa madai kwamba “imekataa”, kumbe wanasajili laini nyingine kwa jina lako.

Pesa zigawanywe

Beba kadi mbili za akaunti mbili tofauti, na zisikae pamoja. Kadi ya matumizi iwe ya akaunti ndogo unayoiongezea fedha za siku mbili au tatu kwa wakati mmoja. Kadi ya pili ibaki kwenye begi lililofungwa chumbani. Akaunti yenye akiba isiwe na kadi unayotembea nayo. Washa taarifa za papo hapo kwa kila muamala, weka kikomo cha kutoa kwa siku, na kama programu ya benki inakuruhusu kufunga malipo ya mtandaoni au ya nchi fulani, yafunge na uyafungue unapoyahitaji.

Pochi za kuzuia mawimbi zinauzwa sana viwanja vya ndege. Usitumie fedha zako huko. Wizi wa kusoma kadi kupitia mfuko wa suruali ni nadra mno ukiulinganisha na kadi zinazonakiliwa kwenye mashine na kadi ambazo wenyewe waliziandika kwenye tovuti ya uongo.

Pasipoti na tiketi zina siri nyingi kuliko zinavyoonekana

Mistari miwili ya herufi chini ya ukurasa wa picha, kila mmoja wenye alama 44, si mapambo. Humo mna namba ya pasipoti, tarehe yako ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa pasipoti, na ufunguo wa kusomea chipu ya pasipoti za kisasa hutengenezwa kutokana na taarifa hizo tatu. Picha moja ya ukurasa huo uliyoiweka kwenye mtandao wa kijamii inamkabidhi mgeni kila anachohitaji ili ajifanye wewe mbele ya kampuni inayokubali nakala.

Pasi ya kupandia ndege nayo ni hivyohivyo. Ina namba ya uhifadhi ya herufi na tarakimu sita, na mara nyingi namba hiyo pamoja na jina la ukoo hutosha kufungua safari yako yote kwenye tovuti ya shirika la ndege. Mwaka 2020 Tony Abbott, aliyekuwa waziri mkuu wa Australia, aliweka picha ya pasi yake kwenye Instagram. Mtu mmoja aliitumia kuingia, akaikuta namba ya pasipoti na ya simu ndani ya data za ukurasa. Kufunika namba kwa kidole hakusaidii ikiwa msimbo wa mistari bado unaonekana, kwa maana programu ya bure ya simu huusoma. Baada ya safari chana pasi pamoja na vibandiko vya mizigo. Usiviache kwenye mfuko wa kiti.

Hoteli katika nchi nyingi hulazimika kisheria kuandikisha wageni, kwa hiyo kuonyesha pasipoti mapokezi ni kawaida. Kuiacha huko usiku kucha si lazima. Omba waitazame na kuirudisha ukiwa umesimama pale. Ukiombwa kutuma nakala, andika juu ya picha jina la anayepokea, kusudi na tarehe, maandishi yapite katikati ya ukurasa. Serikali ya Uholanzi imetengeneza programu ya simu kwa kazi hiyo, inaitwa KopieID, lakini kihariri picha chochote kinatosha. Pasipoti isiwe dhamana ya pikipiki, boti wala kitu kingine cha kukodi. Mwenye duka akishaishika, bei ya “mkwaruzo” anaipanga yeye. Toa amana ya fedha taslimu kwa risiti, na kabla ya kuondoka piga video ya chombo chote, ukianza na namba yake.

Viza na vyumba: mtego uliomo ndani ya simu

Ukitafuta viza au kibali cha kusafiri mtandaoni, matokeo ya juu mara nyingi ni matangazo ya kulipia. Baadhi ni mawakala wanaotoza mara kadhaa ya ada halisi, na baadhi wanakusanya pasipoti tu. Jifunze kusoma anwani kwa kuanzia mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti, ukirudi kushoto. Kinachokaa mwisho kabla ya mkwaju ndicho mwenye tovuti. Marekani iwe .gov, Uingereza iwe gov.uk, Umoja wa Ulaya iwe europa.eu. Neno “gov” likiwa katikati, likifuatwa na kistari na maneno mengine, halithibitishi chochote. Njia salama ni kuanzia kwenye tovuti ya ubalozi na kufuata viungo vyake.

Utapeli wa vyumba umebadilika, na huu unawapata hata waangalifu. Wahalifu huingiza programu hasidi kwenye kompyuta ya hoteli, wakaiba nywila ya akaunti ya hoteli katika tovuti ya uhifadhi, kisha wakakuandikia ndani ya mazungumzo rasmi. Ujumbe una jina lako, tarehe zako na bei sahihi. Unasema kadi yako haikuthibitishwa, bofya hapa ndani ya saa 24 la sivyo chumba kitafutwa. Kila kitu ni cha kweli isipokuwa kiungo. Usibofye. Tafuta namba ya hoteli mwenyewe, piga, uliza. Malipo yasitoke nje ya mfumo uliohifadhia chumba, hata ukiahidiwa punguzo, kwa sababu malipo ya kadi unaweza kuyapinga benki, ilhali uhamisho wa benki, sarafu za kidijitali na fedha za simu zikishaondoka ni vigumu mno kurudi.

Kuhusu Wi-Fi ya bure, hatari ya zamani ya kusomwa kila unachoandika imepungua, kwani tovuti nyingi sasa husimba mawasiliano, yaani huyageuza yasisomeke na mtu wa kati. Hatari iliyobaki ni mtandao wa uongo wenye jina linalofanana na la hoteli, unaokuletea ukurasa wa kuingia unaodai nywila ya barua pepe au kadi. Mtandao wa kweli unaweza kukuuliza namba ya chumba. Nywila ya Google hauihitaji. Zima kujiunga kwa mitandao kiotomatiki, na shughuli za benki zifanye kwa data ya simu. VPN huficha njia mawasiliano yako yanamopita, ila haikuokoi ukiandika nywila kwenye ukurasa wa tapeli, na VPN za bure zinaweza kujilipa kwa kuuza taarifa za watumiaji. Kuchaji, tumia chaja yako kwenye soketi ya umeme. Ukilazimika kutumia tundu la USB na simu ikauliza kama uiamini kompyuta hiyo, kataa.

Kwenye ATM na dirisha la kubadilisha fedha

Tumia mashine iliyo ndani ya tawi la benki, saa za kazi. Mashine za peke yake kwenye maduka ya watalii mara nyingi zina makato makubwa na walinzi wachache. Kabla ya kuingiza kadi, shika mdomo wa kuingizia na uuvute kwa nguvu: kifaa cha kunakili kilichobandikwa juu hulegea au hutikisika. Tazama juu ya vitufe kama kuna kipande cha plastiki chenye tundu dogo, mahali pa kamera. Vipo pia vifaa vyembamba vinavyoingizwa ndani kabisa ya mdomo, ambavyo huwezi kuviona, na kwa hivyo kufunika vitufe kwa mkono wa pili si hiari hata mashine ikionekana safi. Namba ya siri ikikosekana, kadi iliyonakiliwa haina thamani kubwa kwa wezi.

Kadi ikimezwa, usiondoke na usimsikilize mtu mwema anayekuja kukuambia ubonyeze namba yako ya siri mara mbili ili itoke. Yeye ndiye aliyeweka mtego wa kuinasa, na akishaiona namba atabaki nyuma kuichomoa. Simama palepale, fungua programu ya benki, funga kadi.

Mashine nyingi, na pia vifaa vya kulipia madukani, vitakuuliza ulipe kwa sarafu ya nyumbani au ya hapo. Chagua ya hapo kila mara. Ukichagua ya nyumbani, anayepanga kiwango cha kubadilishia ni mwenye mashine, na bei hupanda kwa asilimia kadhaa, wakati mwingine kupita 10. Skrini huandikwa kwa namna ya kutisha, kana kwamba ukikataa muamala utafutwa. Kataa ubadilishaji, fedha zitatoka. Si wizi kisheria. Ni pesa yako inayopotea kwa kitufe kimoja.

Kwenye duka la kubadilisha fedha, bango la “bila makato” halina maana, kwani faida imefichwa ndani ya kiwango. Uliza swali moja kabla ya kutoa noti: “Nikikupa 100, nitapokea ngapi mkononi?” Aandike. Jamhuri ya Czech, ambako malalamiko ya watalii yalizidi, tangu mwaka 2019 sheria inamruhusu mteja kufuta ubadilishaji wa hadi yuro 1,000 ndani ya saa tatu, kwa hiyo risiti usiitupe. Barabarani usibadilishe kabisa: huko noti hukunjwa zikahesabiwa mara mbili, au unapewa sarafu ya nchi nyingine iliyokwisha thamani. Na popote pale, ukishahesabu usimrudishie mtu fungu “alirekebishe”. Likirudi kwake, hesabu upya kutoka noti ya kwanza.

Mtaani

Hila za mtaani zina majina mengi lakini chanzo chake ni kimoja: mgeni anakuanza wewe. Bangkok utaambiwa kasri limefungwa leo kwa ibada, na dereva wa bajaji yupo karibu kukupeleka kwingine, njia inayoishia kwenye duka la vito. Beijing na Shanghai vijana wanaotaka kufanya mazoezi ya Kiingereza hukualika kunywa chai, na bili ikija ni ya kutisha. Istanbul hualikwa wanaume wanaotembea peke yao kwenda kunywa bia, kwa mwisho uleule. Paris hufungwa kamba ya urafiki mkononi kabla hujakubali, au husukumiwa karatasi ya kutia sahihi huku mwenzake akiwa mfukoni mwako.

Basi kanuni ziwe fupi. Habari inayobadilisha mpango wako, ithibitishe mlangoni mwa mahali penyewe. Kitu kinachowekwa mkononi mwako, kiachie kianguke. Mahali pa kula, uchague wewe, na menyu yenye bei uione kabla ya kuagiza. Mtu akikumwagia kitu nguoni kisha akajitolea kukufuta, mikono yako iende kwenye mifuko yako, na uondoke ukiwa mchafu.

Kwa teksi, nenda kwenye kituo rasmi au uagize kwa programu, ulinganishe namba ya gari, na umuulize dereva “Unamchukua nani?” badala ya kumtajia jina lako. Unapolipa, itaje noti kwa sauti unapoikabidhi, maana kuna madereva wanaoibadilisha chini ya usukani na kukuonyesha ndogo.

Askari wa uongo kwa kawaida huja wawili, bila sare, na huomba pochi wakague fedha bandia au dawa za kulevya. Askari wa kweli ana haki ya kukuuliza kitambulisho. Pochi yako kuhesabiwa barabarani ni jambo jingine. Omba kitambulisho chake, sema kwa upole kwamba uko tayari kwenda kituoni kwa miguu, usiingie garini, na upige namba ya dharura: 112 Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada. Wa uongo hawapendi simu hiyo.

Anayesafiri kwa ajili ya kazi

Huu si utapeli wa kupoteza pochi. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na takriban 100,000 nchini Kambodia huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi waliitwa kwa kazi nzuri za kompyuta au huduma kwa wateja. Dalili zinajirudia: usaili wa ujumbe tu, tiketi inayolipwa haraka, viza ya utalii badala ya ya kazi, na mtu anayekupokea akitaka pasipoti. Ukiona viza ya utalii kwa ajira, usipande ndege. Mwachie ndugu mmoja jina la kampuni, anwani na ratiba, na mkubaliane neno la siri. Neno hilo litafaa pia upande wa pili, tapeli akimpigia mama yako kwa sauti iliyoigwa na kompyuta, akidai umepata ajali na zinahitajika fedha sasa hivi.

Ikishatokea

Fuata mpangilio, kwa sababu namba ya simu ndiyo inayofungua vingine. Kwa simu ya kuazima, funga yako kwa mbali na uiweke kwenye hali ya kupotea. Piga kampuni ya simu wafunge laini. Kisha benki. Kisha badilisha nywila ya barua pepe na utoe vifaa vyote vilivyoingia. Usiiondoe simu kwenye akaunti yako hata ukipata ujumbe kwamba imeonekana na uthibitishe kwa kuingia hapa. Ujumbe huo unatoka kwa aliyenayo, na kufuli linaloifunga simu kwa akaunti yako ndilo linalomfanya ashindwe kuiuza nzima.

Nenda polisi upate taarifa yenye namba, ndani ya saa 24 ikiwezekana, kwa kuwa bima nyingi huidai. Kwa pasipoti, ubalozi utatoa hati ya dharura. Ikishatangazwa kupotea na kuingizwa kwenye kanzidata ya INTERPOL ya hati zilizoibwa na kupotea, usisafirie nayo hata ukiipata chini ya kitanda, maana utazuiwa mpakani.

Wiki chache baadaye anaweza kukupigia mtu anayejiita mwanasheria au mpelelezi, anajua kiasi ulichopoteza na anaahidi kukirejesha kwa ada ndogo ya kuanzia. Usilipe. Anakijua kiasi hicho kwa sababu majina ya waliotapeliwa huuzwa kutoka kundi moja hadi jingine.